Anayegonga Mabati

Marehemu mume wangu alikuwa na tabia moja iliyonichosha kwa miaka, na sasa tabia hiyo hiyo inanitoa jasho saa nane mchana, jua likiwaka.

Akienda kukojoa nyuma ya migomba, pale tulipozungushia bafu mabati, alikuwa anasimama mpaka ugali unapoa. Na akisubiri, anagonga bati kwa ukucha wa kidole gumba. Ti. Ti-ti. Ti. Ti-ti. Mimi niko jikoni nasonga, nasikia. Namwita, "Baba Khisa, wewe unakojoa ama unapiga ngoma?" Ananijibu, "Mwanamke, pika." Basi napika.

Jina lake Wekoye. Mtu wa Kamukuywa, mrefu, mwenye aibu kuliko bibi harusi. Habari za ng'ombe wake angekusimulia mpaka ushikwe na usingizi, lakini habari za ndani ya suruali hata mimi niliyemzalia watoto watano sikuambiwa. Nami sikuuliza. Nilikuwa nimelelewa hivyo, kwamba mke mwenye adabu hamuulizi mume kwa nini amekawia huko nyuma.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na moja tulimpeleka hospitali ya Bungoma tumbo likiwa limesimama kama la mja mzito wa miezi minane. Kijana wa zamu akamwekea paipu. Mkojo ulitoka lita mbili na zaidi, niliuona kwa macho yangu ukijaza mfuko. Nikasema, asante Wele, Mungu wetu, mume wangu amefunguka. Kumbe! Siku sita paipu inatiririka vizuri, na siku hizo sita mume wangu anakufa. Walisema figo zilikuwa zimeshaharibika. Na huku mkojo unatoka wenyewe bila kusukumwa, kidole chake kilikuwa kinagonga chuma cha kitanda. Ti. Ti-ti. Nilimshika mkono nikamwambia, "Si imefunguliwa, mzee. Unasubiri nini tena?" Alikufa akigonga.

Nilimlilia mtu huyo, jamani. Watu waliniambia nitasahau, nikawaambia wasahau wao.

Miaka kumi ikapita. Mwanangu Khisa alikuwa anaendesha trekta kwenye mashamba ya mahindi ya Endebess, na huko akapata mke, Chelagat, msichana wa Kisabaoti. Ni mtu wa maneno machache. Lakini akishika neno, hata umvute na ng'ombe wawili haliachii. Khisa alimleta hapa Kamukuywa akiwa na mimba, akarudi kwa trekta yake, na Chelagat akajifungua mtoto wa kiume mikononi mwangu, yaani nyumbani kwangu.

Mtoto akalia. Si kulia kwa watoto hivi, akinyonya ananyamaza. Huyu alikuwa anakunja miguu, uso unakuwa mwekundu, analia mpaka sauti inakatika. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chelagat akasema, "Mama, twende hospitali." Nikamwambia, "Hospitali ya nini? Ana homa? Hana. Huyu anataka jina."

Kwetu Wabukusu, mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anabisha hodi. Kuna mtu wa ukoo anataka jina lake lirudi nyumbani, na mtoto hatanyamaza mpaka mumpate ni nani. Basi nikawaita akina mama wa kanisa na shemeji zangu, Jumamosi baada ya soko. Nikampakata mtoto mimi mwenyewe, nikaanza kuita wafu mmoja mmoja. "Makokha, ni wewe?" Analia. "Namasaka?" Analia zaidi. Nikaita baba yangu, nikaita baba mkwe, nikaita hata yule mjomba mlevi aliyekanyagwa na fahali. Kilio tu.

Wekoye nilikuwa nimemweka mwisho. Niseme ukweli, nilikuwa naogopa asije akakataa.

"Wekoye," nikasema. "Baba Khisa. Ni wewe umekuja?"

Mtoto akanyamaza. Kimya kabisa. Akavuta pumzi ndefu, akanitazama. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka juu ya paa. Mimi nililia kama niliyefufuliwa mtu, na kusema kweli ndivyo nilivyoona.

Kuna kitu kingine kilichotokea dakika ile. Nitakisema, lakini si sasa hivi. Acha kwanza nipate nguvu.

Chelagat hakupiga kigelegele. Jioni ile alikuja jikoni akaniambia polepole, "Mama, kwetu pia tunaita majina ya wazee. Lakini kwetu mtoto akikubali jina anapiga chafya. Huyu hakupiga chafya."

"Hapa ni Endebess?" nikamuuliza.

Akatoka. Kanisani walimbatiza Levi, jina alilochagua yeye. Mimi nikasema Levi ni jina la karatasi. Nyumbani kwangu aliitwa Wekoye, na nikimwita nilikuwa naongeza "mume wangu," watu wanacheka. Siku mbili baadaye kilio kilirudi, lakini sasa tulikuwa na jibu. Nikasema, aah, mzee huyo hata akiwa hai alikuwa mlalamishi.

Mtoto akakua, mwembamba, mwenye kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Na alipotimiza miaka mitatu hivi, siku moja mchana niko jikoni nachambua maharagwe ya kupeleka sokoni, nikasikia kitu ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Bungoma.

Ti. Ti-ti. Ti. Ti-ti.

Ungo uliniponyoka. Nilitoka bila viatu. Nyuma ya migomba, mbele ya bati lile lile, kamesimama katoto kangu, suruali magotini, kichwa kimeinama, kidole gumba kinagonga. Kanasubiri. Kakasubiri mpaka nikahesabu mia moja. Halafu matone.

Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilifurahi! Nilikimbia kwa jirani, "Njooni mwone! Njooni mwone Wekoye!" Wakaja, wakamchungulia mtoto wa watu akikojoa kwa shida, wakashika vinywa. Shemeji yangu alisema hata mabega ni yale yale. Ikawa mchezo wa mtaa. Wageni wakija namwambia mtoto, "Nenda nyuma kidogo, baba, wakuone." Nikikumbuka hayo, naona haya hata mbele ya kuku wangu.

Chelagat aliniambia, "Mama, mtoto anakawia kukojoa. Na usiku analowesha kitanda."

"Mzee naye alikuwa anakawia," nikamjibu, tena kwa maringo.

Aprili mwaka huu uso wake ulivimba. Akaanza kutapika, na tumbo chini ya kitovu likawa gumu. Nililigusa, na mkono wangu ukalikumbuka. Lilikuwa tumbo lile lile la mwaka wa kumi na moja. Chelagat hakuniuliza safari hii. Alimfunga mtoto mgongoni kwa leso akatoka, nami nikamfuata nikipiga kelele, "Si Bungoma! Popote, lakini si Bungoma!" Tukaenda Kitale.

Huko tulimkuta daktari wa figo, mwanamke anaitwa Wahu, mfupi, viatu vya raba, haogopi mtu. Akamwekea paipu, akampiga picha za tumbo, akatuita. Akasema mtoto alizaliwa na vijikunjo vya ngozi ndani ya njia ya mkojo. Vinaziba kama mlango mbovu, tangu akiwa tumboni kwa mama yake. Wangevikata, ni kazi ndogo. Shida si hiyo. Shida ni kwamba figo ya kulia imekufa, na ya kushoto imebaki nusu.

"Hii nusu ndiyo uhai wake," akasema. "Tukiipoteza, atategemea mashine."

Nikamwambia nafahamu ugonjwa huo, ni wa babu yake, amerudi nao. Daktari akaniuliza babu alikuwaje, nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Mzee alizibwa na tezi, ugonjwa wa wanaume wazee. Huyu alizaliwa na ngozi imekaa vibaya. Ni vitu viwili mbalimbali. Havihusiani kabisa."

"Na kule kugonga?"

"Mtu akisubiri na maumivu, mkono hutafuta kazi," akasema. "Wengine huvuta masikio. Ukuta wenu ni wa mabati, basi wote wawili waligonga mabati."

Aliyasema vizuri, kwa upole. Hakujua alikuwa ananiambia kwamba mume wangu hakurudi. Miaka minne nilikuwa nimelala nikijua Wekoye yuko chumba cha pili anakoroma kitoto. Nikawa mjane mara ya pili, pale pale, kwenye kiti cha plastiki.

Chelagat ndiye aliyeuliza la maana. "Mkikata hiyo ngozi, figo inapona?"

Daktari akachukua kalamu, akachora figo nyuma ya karatasi. Akasema ndani ya mwili kuna maagizo tunayozaliwa nayo, yanaitwa jeni, na baadhi yake kazi yao ni kuita. Mkojo ukizibwa unarudi nyuma, unaikandamiza figo, na jeni hizo zinaamka. Zinapeleka habari: tumeumia, leteni kovu. Kovu linakuja. Kwenye goti lililochubuka kovu ni dawa, lakini figo kazi yake ni kuchuja, na kovu halichuji kitu.

"Lakini mkishafungua njia," nikasema, "si zitanyamaza?"

"Nyingine hunyamaza. Nyingine huendelea kuita hata baada ya njia kufunguliwa, kama hazikupata habari. Kovu linaongezwa juu ya kovu, na hakuna tena kinachoziba."

Nilimwona Wekoye kitandani Bungoma, paipu inatiririka, kidole kinagonga chuma.

"Nani wa kuziambia zinyamaze?" nikauliza.

"Watu wanatafuta hiyo dawa. Panya kadhaa wamesaidika. Watu, bado. Kuna kidonge cha presha ambacho hupunguza kelele kidogo, tutampa hicho, asubuhi na saa kumi. Kila mwezi tutapima damu. Uchafu kwenye damu ukisimama mahali pamoja, figo imetulia. Ukipanda, bado zinaita." Kisha akaniuliza mimi, maana Chelagat alikuwa ameinamia mtoto, "Mkojo wa matone ulianza lini? Nataka kujua zimeita kwa muda gani."

Nikafungua mdomo. "Akiwa na miaka mitatu," nikasema.

Walimpasua siku ya Jumatatu. Mimi nikatumwa nyumbani kulisha ng'ombe. Mchana, nyumba haina mtu, mtoto yuko Kitale kitandani, nimekaa mlangoni na kikombe cha chai. Ti. Ti-ti. Nilifikiri ni kuku. Ti. Ti-ti. Nilikwenda na mwiko mkononi, sijui nilitaka kumpiga nani. Nyuma ya migomba hapakuwa na mtu. Niliweka kiganja kwenye bati, lilikuwa la moto kwa jua, na chini ya kiganja changu likagonga. Nilikimbia mimi, mwanamke wa miaka hamsini na saba, nikaacha mwiko pale pale. Chai sikuimaliza.

Mtoto alirudi amechangamka. Siku ya kwanza akasema, "Kukhu, naenda kukojoa," hivyo ndivyo wajukuu huita bibi kwetu, nami nikamfuata kimya kimya. Mkojo ulitoka hapo hapo, mstari mmoja mnene, wa kupendeza. Ningepiga vigelegele. Lakini kidole chake kilikuwa juu, kwenye bati. Hakuna alichokuwa anasubiri tena, njia iko wazi, na anagonga.

Sikumwambia mtu. Nilisaga kidonge kwenye kijiko, asubuhi na saa kumi, sikukosa hata siku moja. Ningekosa kanisa lakini si kidonge. Na kila alipokwenda nyuma ya migomba nilikuwa naziba masikio kwa leso.

Mwezi wa kwanza damu ilikuwa imesimama. Mwezi wa pili ikapanda.

Daktari Wahu alitazama karatasi muda mrefu. Chelagat alikuwa amekaa kulia kwangu, mtoto amelala mapajani mwangu. "Nimeuliza na nauliza tena," daktari akasema. "Kizuizi hiki nakiona ni cha zamani na kikali. Matone yalianza lini? Fikirini vizuri. Nipange dawa nikijua."

Sasa nisikilizeni, maana niliahidi kukisema.

Siku ile ya majina, nilipotamka "Wekoye," kabla mtoto hajanyamaza, nilisikia joto kwenye paja. Matone mawili, matatu, kisha mkojo kidogo ukapenya nepi na gauni. Tangu asubuhi nilikuwa nimempakata, na nepi ilikuwa kavu. Kavu tangu asubuhi, mtoto wa wiki tatu! Mimi nimelea watano, sikujua maana yake? Nilijua. Alinyamaza kwa sababu mkojo ulitoka. Jina halikumnyamazisha. Nilijua sekunde ile ile, na vigelegele vikaanza, na nikavuta leso nikafunika pale palipolowa. Nilimtaka mume wangu. Nilimtaka sana hivi kwamba nilimfunikia mtoto ugonjwa wake kwa leso.

Nikamwambia daktari yote, na Chelagat akisikia.

Hakuna aliyenifokea. Heri wangenifokea. Chelagat akasema, taratibu kama kawaida yake, "Wiki tatu. Ningemleta akiwa na wiki tatu." Halafu akanyoosha mikono akamtoa mtoto mapajani mwangu, akamweka kwake.

"Nisamehe," nikasema.

"Hakupiga chafya, mama. Nilikwambia."

Daktari akasema hakuna ajuaye figo ile ingekuwaje. Akaongeza dawa. Akasema ikifika siku ya kushindwa, mtoto akiwa mkubwa kidogo, atahitaji figo ya mtu. Nikamwambia, "Pima zangu. Pima leo." Akasema si kazi ya siku moja, na huenda damu zisipatane. Nikanyoosha mkono juu ya meza hata hivyo, nikakunja mkono wa gauni, mpaka akamwita mtu aje na sindano.

Chelagat alisema atamhamishia mtoto Endebess kwa baba yake, wataondoka Ijumaa. Sikubisha. Ningebisha kwa mdomo upi?

Alhamisi mchana alikuwa ndani anakunja nguo. Mimi niko jikoni na kidonge cha saa kumi, sijakisaga bado. Ti. Ti-ti.

Nilikwenda, na safari hii sikuziba masikio. Alikuwa pale, suruali magotini, anakojoa vizuri kama mtoto yeyote, kidole kinagonga. Nikataka kumwita kama nilivyomwita siku zote. Lile jina lilikuwa tayari mdomoni, tamu, la miaka yangu yote. Nikalimeza.

"Levi," nikasema.

Aligeuka akanikodolea macho. Bibi yake hakuwa amewahi kumwita hivyo tangu azaliwe. "Kukhu, umeniita mimi?"

"Nimekuita wewe, Levi. Njoo. Imefunguliwa, baba, hakuna haja ya kugonga."

Akapandisha suruali, akaja. Nikaushika mkono wake, wote, na kidole gumba ndani ya kiganja changu, nikakibana. Tukaanza kutembea. Tulikuwa tumefika kwenye mgomba wa kwanza.

Ti. Ti-ti.

Kidole cha mtoto kilikuwa mkononi mwangu. Levi hakushtuka, alikuwa anatazama kuku. Labda ni mimi tu niliyesikia. Labda jua hulegeza misumari, sijui, mimi si fundi.

"Wekoye," nikasema, bila kugeuka. "Ulikuwa na figo mbili ukaziua kwa aibu, nami nikakaa jikoni. Nikakuongezea na za huyu. Imetosha. Jina lako nimelichukua, nitakwenda nalo kaburini mwenyewe. Nina figo zangu mbili, na moja ni ya Levi kuanzia leo, hata kama hao wa vipimo hawajasema. Mimi nakupenda, lakini wewe umekufa, mzee."

"Kukhu, unaongea na nani?"

"Na mtu aliyekawia," nikamwambia. "Haya, twende tumeze dawa kabla mama yako hajamaliza kufunga mizigo."

Bati liligonga mpaka tukaingia jikoni. Sikutoka kwenda kuliangalia, nilikuwa nasaga kidonge.